Hoteli za chini ya bahari na maisha chini ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye vyumba vya chini ya bahari. Wengi huanza na hofu moja: kioo kikivunjika je? Swali hilo tumelijibu (la 8), lakini mambo yanayowaumiza kichwa wajenzi na wakaaji ni mengine: hewa, mgandamizo, na jinsi maji yanavyokisukuma chumba kwenda juu. Mtu wa nyanda za juu ana jambo la nne la kuwazia, yaani mlima anaoupanda kurudi nyumbani. Kama utasoma sehemu moja tu, soma maswali ya 17 hadi 20.

## Mambo ya msingi

1. Hoteli hizi zipo kweli, au ni picha za kompyuta tu?

Zipo, ila ni chache na ndogo. Ya Key Largo, Florida, iitwayo Jules' Undersea Lodge, imepokea wageni tangu 1986. Kabla ya hapo ilikuwa maabara ya utafiti iitwayo La Chalupa. Mwaka 2000 Mikael Genberg alifungua Utter Inn kwenye ziwa Mälaren mjini Västerås, Sweden: kibanda chekundu juu ya maji, na chumba cha kulala mita 3 chini yake. Maldives kuna The Muraka, iliyofunguliwa 2018, ambayo chumba chake kiko kama mita 5 chini ya uso wa bahari. Hoteli hiyohiyo ina mgahawa wa chini ya maji uitwao Ithaa, uliofunguliwa 2005.

Picha nyingi zinazosambaa kwenye simu ni za miradi ambayo haikujengwa. Hydropolis ya Dubai na Poseidon ya Fiji zilitangazwa kwa kishindo, zikaishia kwenye michoro. Vipo pia vyumba ambavyo dirisha lake linatazama tangi kubwa la samaki, kama vile vya Atlantis The Palm, Dubai. Vinapendeza, lakini havimo baharini. Ukitaka kujua unachouziwa, uliza swali moja: nje ya dirisha ni bahari wazi au ni tangi?

2. Iliyo karibu nasi iko wapi?

Pemba, katika nchi yetu wenyewe. The Manta Resort, kaskazini mwa kisiwa, ina chumba kinachoelea kilichobuniwa na Genberg huyohuyo na kufunguliwa Novemba 2013. Kimefungwa nanga kama mita 250 kutoka ufukweni na kina ngazi tatu. Juu kabisa ni paa la kupumzikia na kutazama nyota, usawa wa bahari kuna sebule na maliwato, na chini, mita 4 ndani ya maji, ni chumba cha kulala chenye madirisha pande zote.

3. Nafikaje kutoka Mbeya au Iringa, na ni bei gani?

Kutoka Mbeya unaruka Songwe hadi Dar es Salaam, au unashuka kwa basi au treni ya TAZARA. Kutoka Dar unachukua ndege ndogo hadi Chake Chake, kisha gari kuelekea kaskazini kupitia Konde na msitu wa Ngezi hadi Kigomasha. Usipange kufanya yote kwa siku moja. Ndege ndogo zina kikomo cha mizigo, na boti ya kwenda chumbani hutegemea hali ya bahari, kwa hiyo lala usiku mmoja nchi kavu kwanza.

Kilipofunguliwa, bei iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 1,500 za Marekani kwa usiku kwa watu wawili. Ni fedha nyingi. Mtu anayetaka tu kuwaona samaki na matumbawe atapata mengi kwa barakoa na mrija, kwa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo.

4. Lazima nijue kuogelea au kuzamia?

Kwenye vyumba vya aina ya Pemba na Maldives, hapana. Unaingia kwa ngazi kutoka juu ukiwa mkavu. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea akiwa kwenye boti na kwenye sitaha, usiku hasa, kwa sababu hatari yake iko pale juu na siyo kitandani. Kule Key Largo ni lazima uzamie, kwa kuwa mlango uko sakafuni mwa chumba na unafikiwa kupitia majini. Sababu iko kwenye swali la 5.

## Mgandamizo, kuta na madirisha

5. "Chumba cha hewa ya kawaida" na "chumba cha mgandamizo wa bahari" vinatofautianaje?

Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine, hata safari yako ya kurudi.

Aina ya kwanza imefungwa pande zote na kuunganishwa na hewa ya juu kwa ngazi au bomba. Mgandamizo ndani ni uleule wa ufukweni, na kuta pamoja na vioo ndivyo vinavyobeba uzito wa bahari. Mwili wako haujui kama uko chini ya maji. Pemba, Maldives na Sweden ziko hivi.

Aina ya pili ina tundu wazi sakafuni. Hewa ya ndani husukumwa na kompresa mpaka ilingane na mgandamizo wa maji pale chini, na maji hayapandi, kama yasivyopanda ndani ya glasi iliyozamishwa kichwa chini. Kuta hazibebi mzigo mkubwa, na mzamiaji anaingia na kutoka bila milango ya chuma. Gharama yake inalipwa na mwili. Tishu za mwili hunywa naitrojeni ya ziada, na baada ya takriban saa 24 zinakuwa zimeshiba. Jules' Undersea Lodge na maabara ya Aquarius ziko hivi.

6. Maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani?

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote ya usawa wa bahari. Kwa lugha ya fundi, kila mita 1 ya kina huongeza karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa 1 lililoko kina cha mita 4 linabeba tani 6 hivi.

Ndiyo maana vyumba vya wageni vinaishia mita 3 hadi 6. Sababu nyingine ni mwanga. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, na chini zaidi dirisha lako linaonyesha bluu na kijivu tu. Kwenda chini zaidi kunaongeza gharama ya ukuta na kupunguza uzuri wa kinachoonekana.

7. Madirisha ni ya kioo gani?

Mara nyingi ni akriliki, plastiki ngumu inayong'aa. Ina uzito wa karibu nusu ya kioo cha kawaida, hupindika kidogo kabla ya kupasuka, na inaweza kumiminwa kwa unene mkubwa na kupindwa kuwa kuba. Kuba ni imara kuliko bapa. Kwa dirisha bapa, upana ndio adui: ukiongeza upana mara mbili katika kina kilekile, unene nao uongeze mara mbili.

Mambo matatu huharibu madirisha haya. La kwanza ni joto. Akriliki hutanuka karibu mara sita zaidi ya chuma. Kipande cha mita 3 kikipata tofauti ya nyuzi 20 hubadilika urefu kwa milimita 4, wakati fremu ya chuma haibadiliki hata milimita 1. Ukikibana kwa boliti kikavu kitapasuka pembeni, kwa hiyo hukalia mpira laini na kuachiwa nafasi. La pili ni kemikali. Spiriti, petroli na dawa za kusafishia vioo zenye amonia huanzisha nyufa nyembamba kama utando. Tumia maji yasiyo na chumvi, sabuni laini na kitambaa cha pamba. La tatu ni mikwaruzo ya wanaosafisha mwani kwa brashi ngumu. Hii angalau hupigwa msasa laini na kung'arishwa upya.

Dirisha zuri huwekwa kwenye fremu kutoka nje, ili bahari ilikandamize kwenye kiti chake na kuziba zaidi. Ukikuta muundo ambao maji yanajaribu kulisukuma dirisha litoke kwenye fremu, mchoraji amekosea.

Samaki pia wataonekana wakubwa na wa karibu kuliko walivyo. Kupitia dirisha bapa, samaki aliye mita 4 huonekana kama yuko mita 3.

8. Kikitoboka, tunakufa?

Hesabu inatuliza. Katika kina cha mita 4, tundu lenye kipenyo cha sentimita 1 huingiza karibu lita 25 kwa dakika, sawa na lita 1,500 kwa saa. Pampu ya kawaida ya kutoa maji kwenye boti humudu mara kadhaa ya kiasi hicho. Tundu la sentimita 10 ni jambo jingine: lita 2,500 kwa dakika, na chumba cha mita za ujazo 50 hujaa kwa dakika 20. Hata hapo, dakika 20 zinatosha kupanda ngazi, mradi ngazi iko wazi na mlango wa juu haujafungwa kwa kufuli.

Kinachoua haraka kuliko maji ni moto na moshi katika chumba chenye njia moja ya kutokea. Ukifika, kagua mambo manne kabla ya kutandaza nguo zako: kitambua moshi kinalia ukikibonyeza, kizima moto kipo, ngazi haina vitu, na redio au simu ya kuita ufukweni inajibiwa. Usiwashe mshumaa, udi wala sigara chini. Usichaji betri kubwa karibu na ngazi.

## Kuelea, nanga na maji kujaa na kupwa

9. Kwa nini chumba kizito hivyo hakizami?

Kazi kubwa kwa kawaida ni kukizuia kisipande. Chumba cha mita za ujazo 100 kilichozama chote husukumwa juu na tani 102.5, kwa sababu mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Kama muundo una tani 60, tani 42.5 zinataka kukirusha juu. Farumi ya zege, yaani uzito wa kukishikilia chini, ndiyo tiba, lakini zege nalo likiwa majini hupoteza uzito: tani 1 ya nchi kavu inabaki na nguvu ya kilo 570 hivi. Kwa hiyo unahitaji karibu tani 75 za zege, na nyingine za akiba. Mafundi wanaosahau hesabu hii ya pili huweka zege pungufu kwa karibu nusu.

10. Kwa nini kile cha Pemba kinaelea badala ya kujengwa juu ya sakafu ya bahari?

Maji ya pwani yetu wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Chumba kilichosimikwa sakafuni kingekuwa mita 2 chini maji yakipwa na mita 6 yakijaa, na ngazi yake ingehitaji mnara. Kinachoelea hupanda na kushuka na maji, kwa hiyo kina chake chini ya uso hakibadiliki, na kikiharibika kinaweza kuvutwa ufukweni kwa matengenezo.

Tatizo la kuelea ni mawimbi na minyororo. Mnyororo uliobana mno hukatika maji yanapojaa, uliolegea mno hukwaruza matumbawe yanapokupwa. Chumba kinahitaji mahali penye mwamba wa kukizingira, nanga za pande zote, na mzamiaji wa kukagua pingu na minyororo kila baada ya dhoruba. Katika msimu wa kusi tarajia kutikiswa kidogo. Mwenye kichefuchefu cha boti ameze dawa kabla, siyo baada ya kuanza kutapika.

## Hewa, umeme, maji na choo

11. Hewa inatoka wapi, na feni ikizimika usiku?

Feni huvuta hewa kutoka juu. Kipimo kizuri ni lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu wawili katika chumba cha mita za ujazo 60, hewa yote hubadilika kila dakika 50.

Feni ikizimika, kinachoanza kukusumbua siyo upungufu wa oksijeni. Mtu aliyepumzika hutoa takriban lita 20 za hewa ya ukaa kwa saa. Katika chumba hicho, wawili wataifikisha asilimia 0.5 baada ya saa 7, na asilimia 1 baada ya saa 14, wakati oksijeni imeshuka tu kutoka asilimia 21 hadi karibu 20. Utasikia uzito wa kichwa na usingizi mzito. Ikikaribia asilimia 3, unahema na kichwa kinagonga. Kwa hiyo kifaa cha kupima hewa ya ukaa ni cha lazima, na king'ora chake kiwekwe karibu na kitanda. Feni ikishindwa kuwaka, fungua mlango wa juu na upande.

Penye hewa iliyofungwa kabisa, kama nyambizi, hewa ya ukaa hukamatwa na chokaa ya soda. Kwa watu wawili weka kilo 10 kwa siku.

Kosa baya kuliko yote ni kuweka mdomo wa bomba la hewa karibu na jenereta au mahali boti inapoegesha injini ikiunguruma. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua familia za Makete na Mbeya mwezi wa Juni zinapoingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi. Haina harufu, haina rangi. Kitambuzi chake nacho ni cha lazima.

12. Chumba hakiwi na unyevu?

Kinakuwa nao. Ziwa la Sweden lina maji ya baridi kali, hivyo mvuke wa pumzi hugeuka matone kwenye kioo. Bahari ya Pemba ina nyuzi 25 hadi 29, na kioo mara nyingi ni cha joto kuliko chumba chenye kiyoyozi, kwa hiyo ukungu huwa mdogo. Tatizo la kwetu ni godoro na mapazia kushika ukungu wa kuvu. Taulo zilizolowa na nguo za kuogelea ziachwe juu.

13. Umeme unafikaje?

Kwa waya wa chini ya maji au kwa sola na betri. Waya hukosewa mara nyingi kwa sababu fundi hutumia kipimo cha nyumbani. Mzigo wa kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba kwa umbali wa mita 250 hupoteza volti 28 njiani. Kompresa ya kiyoyozi itahangaika kuwaka na mwishowe itaungua. Waya wa milimita 16 za mraba hupoteza volti 7 tu. Weka kikata umeme cha miliampea 30, na taa zilizo nje majini ziwe za volti 24 au chini.

Taa hizo za nje ndizo zinazoleta burudani ya usiku. Mwanga huvuta viumbe wadogo, wao huvuta ngisi na samaki wadogo, nao huvuta wakubwa. Zizimwe usiku wa manane ili mwamba upumzike.

14. Choo kinafanyaje kazi chini ya usawa wa bahari?

Majitaka hayapandi yenyewe. Pemba walilikwepa tatizo kwa kuweka maliwato ngazi ya juu, na kwa maoni yetu huo ndio uamuzi bora kwa chumba chochote kidogo. Unaposhuka na choo chini, unahitaji pampu inayosaga, vali mbili za kuzuia kurudi (moja itakwama, usiwe na shaka), bomba lililopinda juu ya usawa wa maji kabla ya kuingia tangini, na tangi linalonyonywa na kupelekwa nchi kavu. Tishu zenye unyevu na pedi ndizo zinazoziba. Kumwaga baharini kunaua matumbawe ambayo mgeni amelipia kuyaona.

15. Chakula hupikwa humo?

Kwa kawaida hapana, huletwa. Moto wazi haufai ndani ya chumba kilichofungwa. Kwenye chumba cha mgandamizo wa bahari, hewa nzito hufanya vitu viungue kwa kasi zaidi. Huko pia maji huchemka tofauti: Mbeya mjini yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage hukaa sana jikoni, lakini katika Jules' Undersea Lodge, ambako mgandamizo ni mara 1.6 ya kawaida, yanahitaji kama nyuzi 114.

16. Nini huharibika kwanza?

Sehemu ya chuma inayolowa na kukauka kwa mawimbi, siyo iliyozama muda wote. Pale chumvi na oksijeni hukutana. Tumia chuma cha pua cha daraja la 316, usifunge boliti za chuma kwenye alumini bila kizuizi cha plastiki kati yake, na weka anodi, yaani vipande vya zinki au alumini, zilike badala ya muundo. Anodi ikilika nusu, badilisha. Anodi isiyolika kabisa ni dalili mbaya pia: huenda haijagusana na chuma, au mtu ameipaka rangi.

Madirisha nayo hushika mwani ndani ya siku chache. Yapanguswe mara kwa mara mwani ukiwa bado laini. Ukisubiri mpaka viumbe wenye magamba wajibandike, utalazimika kukwangua, na kukwangua ndiko kunakoharibu akriliki (swali la 7).

## Afya, na safari ya kurudi milimani

17. Nikilala chumba cha Pemba, naweza kuruka kurudi Songwe kesho yake?

Ndiyo, hata saa ileile. Chumba kina hewa ya kawaida, na naitrojeni ya mwilini haijaongezeka. Kuogelea juujuu kwa barakoa na mrija nako hakuna shida. Mambo yanabadilika ukizamia kwa mtungi: mwili hunywa naitrojeni ya ziada, nayo hutoa mapovu mwilini ukipanda mapema kwenye hewa nyepesi.

18. Nimezamia Zanzibar au Pemba kwa mtungi. Nisubiri muda gani kabla ya kupanda Iringa au Mbeya?

Watu wengi wanajua kuhusu ndege na wanasahau barabara. Tahadhari ileile ya ndege huanza kwenye kimo cha mita 600. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700, Njombe karibu 2,000. Basi linalopanda Kitonga linakupeleka kwenye hewa nyepesi sawasawa na ndege.

Muda unaopendekezwa na wataalamu wa usalama wa uzamiaji: angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja usiohitaji kusimama majini wakati wa kupanda juu, angalau saa 18 ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, na zaidi ya hapo, saa 24 kwa urahisi wa kukumbuka, kama mzamio ulihitaji vituo vya kusimama. Kwa mtu wa nyanda za juu tunashauri saa 24 kila mara.

Mfano: umemaliza kuzamia Jumamosi saa 6 mchana, ukavuka kwa boti jioni, ukapanda basi Dar Jumapili saa 12 asubuhi. Utafika Kitonga baada ya saa 24 kupita. Ni salama. Ungepanda ndege ya Songwe saa ileile 12 asubuhi ungekuwa na saa 18 tu.

Kwa aliyelala Jules' Undersea Lodge, ambaye tishu zake zimeshiba, hesabu inaonekana wazi. Ametoka mgandamizo wa mara 1.64 ya ule wa ufukweni. Hewa ya Mbeya ni kama 0.82. Akija Mbeya moja kwa moja mgandamizo wake unashuka kwa nusu kamili, ilhali aliyebaki ufukweni ameshuka kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana wageni wa kule hukatazwa kuruka kwa saa 24.

19. Na Matema?

Matema ni hatari iliyojificha zaidi, kwa sababu safari ni fupi. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kuzamia pale tayari kunahesabiwa kuwa ni kuzamia kwenye kimo. Weka kompyuta yako ya kuzamia kwenye mpangilio wa kimo, au tumia jedwali la kimo. Kisha barabara ya Mbeya inakupandisha Tukuyu, mita 1,500 au zaidi, ndani ya saa chache tu. Ukizamia asubuhi na kurudi Mbeya jioni, umefanya kosa hasa linaloleta ugonjwa wa mgandamizo. Lala Matema au Kyela, panda kesho yake.

20. Dalili ni zipi, na nifanye nini nikiwa tayari njiani?

Maumivu ya kiwiko, bega au goti yasiyobadilika ukilikunja, ganzi, uchovu usio wa kawaida, madoa ya ngozi, kizunguzungu, miguu kulegea, shida ya kukojoa. Simamisha safari, usiendelee kupanda. Mlaze mgonjwa, mpe oksijeni safi kutoka hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, mpe maji kama amezinduka na hatapiki, na mwambie daktari mara moja kwamba amezamia, saa ngapi na kina gani. Daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria au misuli. Tiba kamili ni chumba cha mgandamizo cha matibabu (siyo kile cha swali la 5). Kabla ya kuingia majini, kiulize kituo cha kuzamia chumba cha karibu kinachofanya kazi kiko wapi na kinapigiwaje simu. Kituo kisichoweza kujibu, usizamie nacho.

21. Mjamzito, mwenye pumu, mwenye mafua?

Kwenye chumba cha hewa ya kawaida, mgandamizo si tatizo kwa yeyote kati yao. Wafikirie ngazi, boti na umbali wa hospitali. Kwenye chumba cha mgandamizo wa bahari, mjamzito asiende. Mwenye pumu apate kibali cha daktari anayejua uzamiaji. Mwenye mafua asubiri apone, kwani masikio hayatasawazika.

## Kuishi muda mrefu

22. Binadamu amekaa chini ya maji muda gani?

Mwaka 1962 Albert Falco na Claude Wesly walikaa siku 7 mita 10 chini, karibu na Marseille, katika mradi wa Jacques Cousteau. Mwaka uliofuata kikundi chake kiliishi mwezi mzima Sha'ab Rumi, Sudan, na mabaki ya makazi hayo bado hutembelewa na wazamiaji. Mwaka 1970 Sylvia Earle aliongoza timu ya wanawake pekee katika Tektite II, mradi wa makazi ya utafiti chini ya bahari. Mwaka 2023 Joseph Dituri alikaa siku 100 katika Jules' Undersea Lodge, na Januari 2025 Rüdiger Koch alimaliza siku 120 mita 11 chini ya bahari ya Panama. Koch alikaa katika hewa ya kawaida, Dituri katika mgandamizo wa bahari. Kuwalinganisha kwa siku peke yake si haki kwa kazi ngumu ya Dituri.

23. Mbona basi hakuna mji chini ya bahari?

Kwa sababu kila kitu hutegemea juu: hewa, umeme, maji ya kunywa, chakula, daktari. Katika Aquarius, maabara iliyo kama mita 19 chini karibu na Key Largo, wanasayansi wanahitaji zaidi ya saa 16 za kupunguza mgandamizo taratibu kabla ya kutoka. Huwezi kumkimbiza mgonjwa hospitali. SEALAB III ya jeshi la majini la Marekani ilisitishwa 1969 baada ya Berry Cannon kufariki. Roboti za majini zimechukua kazi nyingi tangu wakati huo.

## Maswali ya pembeni

24. Chumba kama cha Pemba kinaweza kuwekwa Ziwa Nyasa?

Kiufundi ndiyo, na baadhi ya mambo yangekuwa rahisi. Hakuna chumvi wala kujaa na kupwa kwa kila siku. Anodi ziwe za magnesi, kwa kuwa zinki hailiki vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi. Nguvu ya kuelea ni pungufu kwa asilimia 2.5 kuliko baharini, kwa hiyo usinakili hesabu ya farumi ya Pemba.

Ugumu ni huu: mito ya Kyela hushusha tope wakati wa masika, kusi huinua mawimbi makubwa, na chini ya Milima ya Livingstone ziwa huzama ghafla, nanga zikakosa pa kushika. Ogopa pia mamba karibu na midomo ya mito, na kichocho penye maji ya kina kifupi yenye majani. Kabla ya kutumia hata shilingi kununua chuma, pima mwaka mzima: shusha kila wiki sahani ya sentimita 20 yenye robo nyeupe na nyeusi, andika kina inapopotea machoni, na andika usawa wa ziwa. Kisha zungumza na wavuvi wa mbasa na usipa wa eneo hilo, NEMC (wa mazingira), TASAC (wa vyombo vya majini) na Ofisi ya Bonde la Ziwa Nyasa. Wavuvi wawe wa kwanza.

25. Mwanafunzi anaweza kujaribu nini bila bahari?

Ndoo ya lita 20, pipa kubwa la maji na mizani. Zamisha ndoo kichwa chini ukiwa umebandika karatasi kavu ndani ya kitako. Karatasi haitalowa: hicho ndicho chumba cha mgandamizo wa bahari. Kisha funga mawe mpaka ndoo itulie chini. Wanafunzi watakadiria kilo 20, lakini itachukua zaidi ya kilo 30, kwa sababu ya swali la 9. Ndoo ikipinduka, mawe yamefungwa juu mno. Yashushe chini ya mdomo.

26. Na Ziwa Ngosi?

Hapana. Ni hifadhi, njia yake ni ya miguu tu, na linakaa ndani ya kasoko. Ardhi ya Rungwe hutoa hewa ya ukaa kiasi kwamba mahali pengine huvunwa kibiashara, na gesi hiyo, ikiwa nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na ndani ya chochote kilichochimbwa. Chumba kilichofungwa chini ya ukingo wa kasoko kingevuta kupitia bomba lake hewa ambayo swali la 11 limeeleza jinsi ya kuikimbia.